Mwaka wa Vibati Vyeusi

"Na mu ile mashini yabo, mutakuwa nini ya kwetu?"

Mama Astrid aliniuliza hivyo akiwa ameinua kijiko cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, juu ya sahani yangu, na kijiko kikabaki hewani kikisubiri. Nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia, nilikuwa msaidizi katika maabara ya chuo, na nilikuwa na tabia ya kujibu swali kwa swali, lakini siku ile nilisema tu, "Tutaona, mama," naye akanipakulia sombe kidogo kuliko kawaida. Swali lenyewe lilikuwa rahisi: mle ndani ya mashini yao, kutakuwa na kitu gani cha kwetu? Mashini aliyoiita "yabo" ilikuwa chombo cha infraredi kilichokuwa kikiundwa Ulaya ili kifungwe kwenye darubini moja kubwa, juu ya mlima mkavu ng'ambo ya bahari. Sisi, watu wanne katika chumba kimoja cha Lubumbashi, tulikuwa tumepewa nafasi ya kujaribu kutengeneza weusi wa kupaka kuta zake za ndani. Kama weusi wetu ungekubaliwa, ungekaa mle ndani miaka na miaka. Kama ungekataliwa, maabara yangefungwa, kwa sababu Profesa Anselme alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka na chumba chake kilikuwa kimeshaahidiwa watu wengine.

Nimelikumbuka swali hilo mwaka huu, kwenye kilio cha Profesa huyo, nyumbani kwake, mtaa wa Karavia. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya turubai, na mimi nikawekwa kati ya Mama Astrid, aliyekuwa karani wa idara yetu na sasa amestaafu, na Trésor, aliyekuwa msaidizi mwenzangu na sasa anauza vifaa vya umeme wa jua. Msemaji wa familia alisimama akaeleza kwamba marehemu alitia weusi wa Lubumbashi ndani ya darubini kubwa ya wazungu, na kwamba nyota wanazoziona kule wanaziona kwa sababu yake. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikavuta pumzi, na Mama Astrid, ambaye ananijua, akanikanyaga mguu.

"Juu-ya-nini, funga kinywa."

"Lakini si kweli, mama."

"Njo sababu nakwambia funga."

Juu-ya-nini ndilo jina nililopewa mwaka ule, kwa kuwa ndivyo tunavyouliza sababu katika Kiswahili cha kwetu, na mimi niliuliza sababu ya kila kitu: kwa nini saa ya ukutani ipo nyuma, kwa nini tunaandika tarehe kwanza, kwa nini Profesa anaamini chombo kimoja na hakiamini kingine. Profesa aliliita jina hilo akitabasamu mwanzoni. Kufikia katikati ya mwaka aliliita bila kutabasamu.

Wazazi wangu, shule niliyosoma na namna nilivyofika chuoni haviingii katika mwaka huo, kwa hiyo naviacha. Mwaka huo ulikuwa na chumba. Zamani kilikuwa chumba cha giza cha kusafishia picha za wanajiolojia, na bado kilikuwa na masinki matatu ya zege na harufu ya siki ambayo haikutoka hata tulipofungua dirisha msimu mzima wa kiangazi. Sakafu ilikuwa nyekundu, inang'aa, kazi ya Mama Astrid, ambaye hakuajiriwa kusafisha lakini hakuvumilia kuona mgeni anakanyaga vumbi mahali alipo yeye. Kulikuwa na spektromita ya zamani, chombo kinachopima ni mwanga kiasi gani unarudi kutoka kwenye kitu, rangi kwa rangi, pamoja na zile rangi ambazo jicho haliwezi kuziona. Kulikuwa na pampu ya ombwe iliyokohoa, na tangi la nitrojeni iliyopozwa hadi ikawa maji, ambayo ilinunuliwa Zambia na kuletwa kupitia mpaka wa Mokambo; kila safari sehemu kubwa ilipotelea hewani barabarani, na dereva aliapa kwamba hakuifungua. Dirisha lilitazama bomba la moshi la tanuru la zamani na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, ambacho watoto wa mji huu hukichora kabla hawajajua kuchora nyumba. Jioni jua lilipita nyuma yake. Sikumbuki hata siku moja tuliyokizungumzia.

Siku yangu ya kwanza Profesa alinieleza kazi akiwa amesimama, mikono nyuma, kama anahutubia ukumbi. Alikuwa mtu mfupi, suti moja ya kahawia, viatu vya kung'aa sana.

"Kila kintu yenye joto inawaka," alisema. "Inawaka mu infrarouge, donc macho yako haione. Weye unawaka. Ile meza inawaka. Bukari ya Mama Astrid, ile njo inawaka kupita nyota."

"Na njaa yangu, Prof?" Trésor aliuliza kutoka nyuma ya pampu. "Ile nayo inawaka?"

"Yako ni incendie, moto ya kuunguza nyumba, mwana. Nyamaza." Kisha akanigeukia tena. "Sasa, kama unataka kuona nyota yenye kuwaka kidogo sana, na chombo chako nacho kinawaka, utaona nini?"

"Chombo chenyewe," nilisema.

"Voilà. Njo maana tunakitia baridi, baridi ya ajabu. Na kuta za ndani tunazifanya nyeusi, kusudi mwanga yenye kupotea mule ikufe, isirudi."

Wazo lake la weusi lilikuwa hili: kibati cha shaba, juu yake tabaka jembamba la oksidi ya kobalti. Vyote viwili vilichimbwa karibu kiasi kwamba ungeweza kwenda kwa baiskeli. "Bengine banavisafirisha mu masac, mu magunia," alisema, "kama viazi. Shi tutavituma na akili ndani." Aliirudia sentensi hiyo mara nyingi mwaka ule, kwa wageni, kwa mkuu wa idara, kwa simu. Nilidhani ni majivuno. Sasa sina hakika kama ni majivuno, na sina hakika pia kama majivuno ni kosa.

Wiki hiyo hiyo alinionyesha kamera ya joto tuliyoazimwa na watu wa Ulaya, na akanivulia lenzi yake niishike. Ilikuwa nzito, ya kijivu, inang'aa kama chuma kilichosuguliwa. Niliiinua kuelekea dirishani: hakuna kitu. Nisingeona kitu hata kama ningeishika mbele ya jua.

"Ni germaniumu," Profesa alisema. "Kwa macho yako ni ukuta. Kwa infrarouge ni dirisha wazi."

"Inatoka wapi?"

"Bulaya," alisema. Mimi niliyehoji hadi saa ya ukutani niliridhika na jibu hilo, nikamrudishia lenzi yake.

Tulipaka, tukachoma, tukapima. Tanuru letu dogo lilihitaji umeme, na umeme ulikatika kwa mazoea yake mwenyewe, kwa hiyo Trésor alimalizia baadhi ya vibati juu ya mbabula, jiko la mkaa, uani, akipepea makaa kwa kava la kitabu huku Mama Astrid akimsukuma kwa nyonga ili aweke sufuria yake. Chakula cha mchana kililiwa ofisini kwa Mama Astrid, mlango wa pili, kati ya mafaili: bukari, yaani ugali, na sombe, siku nyingine mchicha wa lengalenga, na dagaa kama mtu wa familia yake alikuwa amefika kutoka Kilwa ya kwetu, ile ya ziwani. Ukuta kati ya ofisi hiyo na ya Profesa ulikuwa ubao, na tulikula tukisikia simu zake. "Oui, chère collègue. Très bientôt. Très, très noir." Karibuni sana, alikuwa anaahidi, na nyeusi sana, sana. Trésor alimwigiza kwa midomo bila sauti, na Mama Astrid akampiga kwa mwiko bila kugeuka.

Vibati vilitoka vizuri. Sijaona weusi mzuri kama ule. Ukiweka kidole juu yake kilionekana kama kimeinama juu ya shimo. Lakini spektromita ilisema vingine. Kwa mwanga wa kawaida, weusi kamili. Ukienda kwenye infraredi, mstari wa vipimo ulipanda na kukaa juu, maana yake mwanga ulikuwa unarudi, mwingi. Profesa alisema mashini imezeeka. Tuliisawazisha, mstari ukabaki pale pale. Alisema nitrojeni haitoshi. Tulingoja nitrojeni. Mstari ukabaki pale pale. Niliuliza je, kama chombo kinasema kweli? Alikwenda kusimama dirishani.

Kisha wakubwa wa chuo wakataka kuja kutazama kazi. Vibati vilipangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, tukapigwa picha, mkubwa mmoja akauliza kama hiyo ni simu mpya. Siku iliyofuata Trésor alichukua kibati kutoka kwenye ile meza, akakiweka ndani ya spektromita kwa mazoea tu, na mstari ukafanya kitu ambacho haukuwahi kufanya. Katikati ya eneo ambalo wale wa Ulaya walilijali zaidi, ulianguka. Shimo refu, safi. Mwanga ulioingia pale haukurudi. Tulipima kibati cha pili: shimo lile lile. Cha tatu, vile vile. Profesa alivua miwani, akaivaa, akavua tena. Mchana ule kulikuwa na samaki mzima na soda.

"Juu ya nini?" niliuliza.

Trésor alifumba macho. "Ee Mungu. Anaanza."

"Juzi haikuwa hivi. Vibati ni vile vile. Rangi haibadilishi tabia ikiwa imelala juu ya meza."

"Labda inakomaa," Profesa alisema. "Oksidi inakomaa na hewa."

"Kwa nini ikomae mahali pamoja tu, na pengine ibaki vile vile?"

"Mademoiselle." Aliweka uma chini. "Mwaka muzima unauliza juu ya nini inakatala. Leo inaitika, unauliza tena juu ya nini. Weye unataka nini, kweli?"

Mama Astrid alisema nile samaki, anapoa. Nilikula. Baada ya chakula, kupitia ukuta wa ubao, nilimsikia Profesa akimwambia Trésor kwamba matokeo yataenda Ulaya Ijumaa na vibati vitafuata, na kwamba "ule mutoto eko na akili, lakini akili yake haijuwe kufurahi." Nimeambiwa hivyo baadaye na watu wengine, kwa lugha nyingine. Niliichukua kama kipimo kingine tu.

Nilirudi chumbani, nikakaa na kibati mkononi. Sikufikiri jambo lolote la maana. Nilikinusa, kwa sababu nilikuwa nimeshakitazama vya kutosha. Kilinuka kama meza ya Mama Astrid. Nilikwenda ofisini kwake nikaomba kopo la nta, akanipa akidhani hatimaye ninataka kusugua viatu vyangu. Nikapaka nta kidogo kwenye kibati kitupu cha shaba, kisicho na kobalti hata chembe, nikapima. Shimo lile lile, mahali pale pale. Nta ina tabia ya kumeza infraredi katika eneo hilo. Weusi wetu haukuhusika.

Niliwaambia kesho yake, wakati wa kula, kwa sababu ndio wakati pekee tuliokuwa pamoja sote wanne. Nilisema bila kumtaja mtu. Haikusaidia, kwani Profesa aligeuka taratibu.

"Astrid. Ulipakala bintu?"

"Nilipakala, Prof."

"Nini?"

"Cire, ile nta. Si ile nyekundu ya chini, ile ya ku meza. Bakubwa banakuya, bintu iko na vumbi, miye niache?"

"Byote?"

"Byote," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Mu pande zote mbili."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Trésor, na yeye alicheka kwa pua tu. "Angalau bilipendeza," alisema. Halafu akaanza kujenga hoja, upesi, kama mfanyabiashara anayeona mteja anaondoka: matokeo ni matokeo, hakuna aliyedanganya, tutume vibati kama vilivyo, wale wa Ulaya watavipima wao wenyewe, na mpaka wakigundua maabara yatakuwa yamepewa mwaka mwingine. Mwaka mwingine ungetosha kutengeneza tabaka nene zaidi, lenye kukwaruza, ambalo pengine lingefaa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Bado naigeuza kichwani.

Profesa alinyanyuka bila kumaliza bukari, akatuongoza chumbani. Alikiosha kibati kimoja kwa asetoni yeye mwenyewe, suti yake ya kahawia ikilowa kwenye mkono, akakikausha, akaniambia niwashe kamera ya joto na nielekeze kwenye kibati. Kisha akakishika mbele ya uso wake, kama mtu anayenyoa.

Kwa macho yetu kilikuwa cheusi kama mdomo wa kisima. Kwenye skrini ya kamera kilikuwa kioo. Uso wa Profesa ulikuwa mle, mzima: paji la uso jeupe kwa joto, vioo viwili vyeusi vya miwani, mdomo. Alipofumba mdomo, ule wa kwenye kibati ukafumba. Alijitazama kwa muda. Mama Astrid alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Prof, uko muzuri mu ile glace," alisema. Nadhani alitaka kusaidia.

"Asante, Astrid." Hakuondoa macho kwenye skrini. "Si nyeusi. Haikukuwa nyeusi hata siku moja."

"Tutume tu, Prof," Trésor alisema tena, taratibu zaidi.

"Na cire? Kule mu ombwe itatoka pole pole, itaenda kukaa ku lenzi yabo. Tutakuwa tumewaharibia chombo. Njo ile utakuwa umetuma ya kwetu, Trésor: cire."

Kupitia ukuta wa ubao tuliisikia simu. Ilikuwa fupi kuliko zote za mwaka ule. Alisema kwa Kifaransa chake cha ukumbini kwamba hapana, mwenzangu mpendwa, si nyeusi, kwa macho ndiyo, kwa chombo chenu hapana, tunajiondoa. Halafu akasema kwamba ana msaidizi mmoja ambaye si raha kuishi naye, na kwamba kama wana nafasi wamchukue, kwa sababu watamhitaji. Trésor alinitazama. Mama Astrid akakusanya sahani.

Mwisho wa mwaka chumba kilitolewa, masinki yakang'olewa, na nilipopita mara ya mwisho kilikuwa kimejaa viti vya mahafali. Profesa aliniaga kwa mkono, kwa adabu, bila maneno mengi. "Nenda uulize kule," alisema. Sikuwahi kujua kama ilikuwa baraka au nafuu.

Wale wa Ulaya walinichukua, kwa hiyo kwenye kilio nilijua ninachosema. Chombo kile kipo, kinafanya kazi, na weusi wa kuta zake ulinunuliwa kwenye kampuni moja ya Ulaya. Nimezifunga kuta hizo mwenyewe, parafujo moja moja, nikiwa na glavu. Hakuna kibati cha Lubumbashi mle. Kibati cha Lubumbashi kilikuwa sebuleni Karavia, ukutani, karibu na picha ya marehemu, na msemaji alipokuwa akiongea watu walikuwa wanakitazama.

"Ni yeye aliyewaambia kwamba viliingia?" nilimuuliza Mama Astrid tulipokwenda kunawa mikono.

"Hakusemaka. Bantu njo balisemaka."

"Na hakuwakatalia?"

"Hakukatalaka." Alinipa kipande cha sabuni. "Unaona ubaya?"

Nilisema sijui, na ilikuwa kweli. Nilikwenda kukitazama karibu. Kiling'aa kupita kiasi. Nikainama, nikanusa.

"Niliipakala asubuhi," Mama Astrid alisema nyuma yangu. "Bageni banakuya."

Nilirudi kazini, Ulaya. Miezi baadaye alikuja karakanani mzee mmoja aliyechonga lenzi za chombo kile, akitaka kukagua lenzi ya akiba kabla hajastaafu. Tulikunywa kahawa juu ya sanduku. Nilimuuliza germaniumu yake ilitoka wapi, akanitajia kiwanda kilichoisafisha, Ulaya, na safari hii sikuridhika. Nikauliza, na kabla ya hapo? Alisema haichimbwi peke yake, hupatikana kidogo kidogo ndani ya takataka za madini mengine, na kwamba ile ya lenzi zetu ilitokana na mabaki ya tanuru la shaba, kilima kizima cheusi, katikati ya mji mmoja wa Kongo ambao jina lake lilimshinda kutamka. Nilimtamkia. Akasema ndiyo, huo huo. Lenzi ya kwanza ya chombo kile, ambayo mwanga wa kila nyota huipita kabla haujafika popote, imetoka kwenye kilima kilichokuwa dirishani mwetu.